Ugunduzi Wangu Mkubwa wa Ubongo

Jumatatu, 4 Machi
Heather, bosi wetu, ametangaza: mmoja tu atahutubia mkutano wa mwaka kule mji wa Hobart. Mimi au Bronwyn Quach. Bronwyn! Mtu anayerudia kila hesabu hadi kahawa yake inapoa. Nafasi ni yangu. Kazi yetu ni kusaka makosa madogo ya vinasaba yanayotokea ubongo wa mtoto unapojengwa tumboni, hata seli jirani zisifanane. Kompyuta yangu iko tayari kuchambua. Sampuli ndizo hazijaandaliwa. Watu wa maabara wanakwenda mwendo wa konokono.

Jumanne, 5 Machi
Nimewasaidia. Walipotoka kula pai nilijipenyeza maabara, nikaandaa mwenyewe seli za marehemu wawili waliotoa ubongo wao kwa sayansi. Barakoa niliishusha, inatia miwani ukungu. Huku nikifungua vichupa nilifanya mazoezi ya hotuba ya Hobart kwa sauti. Nilikuwa mzuri sana.

Alhamisi, 14 Machi
Ushindi! Majibu yamefika. Kila seli imejaa mabadiliko mageni kabisa. Na ajabu zaidi, marehemu wote wawili wana yaleyale! Nimemwandikia Heather kwamba tumegundua kanuni mpya ya binadamu. Nimenunua koti, Hobart kuna baridi. Bronwyn akauliza kama nimelinganisha na mate ya wafanyakazi. Sote tulitoa mate tulipoajiriwa, ili uchafu wa vinasaba vyetu ujulikane ukiingia kwenye sampuli. Nikamwambia aache wivu.

Ijumaa, 15 Machi
Bronwyn amelinganisha. Akasema taratibu kwenye chai, mbele ya wote: “Evan, kaka yangu, hawa wawili hata undugu hawana. Makosa ya ubongo wao, yanayotokea kwa ajali tu, yatafanana vipi? Hizi si ajali. Ni wewe. Umewatemea mate marehemu.”

Heather akauliza kama niliongea nikiandaa sampuli. Nikasema kidogo tu. Hobart amepewa Bronwyn. Na kwa desturi yetu, aliyeharibu sampuli analeta keki Ijumaa ijayo. Niliumia, sitaki kujidanganya. Nilijifungia chooni mpaka chai ikaisha.

Jumatano, 17 Aprili
Hobart! Heather alinileta nibebe mizigo. Bronwyn ameeleza njia mpya ya kunasa uchafu wa wafanyakazi, na mfano wake mkuu ni mimi. Jina langu ukutani, herufi kubwa! Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Nikasimama, nikainama. Bronwyn akaniambia kwenye kipaza sauti, “Kaa chini, wewe.” Wakashangilia zaidi. Bwana mmoja wa Auckland aliomba tupige picha. Ni nani mwingine amewahi kuonekana ndani ya ubongo wa watu wawili?

Maabara ya hapa imetupa sampuli adimu tuzipeleke kwetu Melbourne. Bronwyn alikuwa amezungukwa na watu, nikazipokea mimi. Uwanja wa ndege nikafungua vichupa kidogo, kuhakikisha havijavuja, huku nikimsimulia abiria jirani jinsi nilivyoshangiliwa. Alicheka mpaka akapiga chafya.