Yah: Kubatilishwa kwa Neno "Karibu" Lililotamkwa na Joka

Nikodemo Mbonile,
Karani wa Masjala,
Sumbawanga.
11 Oktoba 1982

Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Sumbawanga.

Ndugu Afisa Utamaduni,

Natumaini u mzima, na kwamba upepo wa wiki hii haukuondoa bati hata moja ofisini kwako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu, kwa sababu nimedhulumiwa na rafiki zangu watatu, na dhuluma yenyewe si kazi ya polisi wala ya balozi wa nyumba kumi. Nimeuliza. Balozi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwaka jana mhandisi mmoja wa barabara, mgeni kutoka ng'ambo, alinionyesha mchezo wa kukaa mezani. Mtu mmoja anatunga safari ya hatari na kuisimulia. Huyo ndiye mwongozaji. Wengine kila mmoja anajifanya mtu ndani ya safari hiyo, anasema atafanya nini, na dadu inaamua kama ameweza. Mhandisi alihamishwa kabla hatujafika popote, nami nikaona nitunge safari yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nina miaka miwili hapa, Mmoraviani katikati ya Wakatoliki, nimepanga chumba cha uani kwa Zenon seremala, na Jumapili zangu nilikuwa nikizimaliza kwa kunyoosha misumari iliyopinda. Mtu wa namna hiyo akipata wazo, halali usingizi.

Nilitunga kwa miezi mitatu. Ramani niliichora nyuma ya kalenda ya zamani. Safari inaanzia bandarini Kasanga, inapanda hadi Mwazye, inavuka Ufipa yote na baridi yake, na kuishia kwenye pango lililo ukingoni mwa bonde, juu ya Mtowisa, ambako joka la miaka mia moja limekalia katoni arobaini za sabuni. Nilitafuta hazina ambayo mtu yeyote wa mwaka huu wa uhaba angekuwa tayari kuifia. Hata dadu niliichonga kwa sabuni, kipande changu cha mwisho, na wiki hiyo nilinuka kwa ajili ya sanaa.

Wachezaji ni Zenon, mkewe Bertilla, na Flavian, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Tulicheza Jumapili tano, kwa Zenon, baada ya wao kutoka misani. Ifahamike kwamba Zenon, anayesifiwa mji mzima kwa viti vyake, nyumbani ana viti vitatu. Mganga hajigangi. Mwongozaji hukalia debe la mafuta lililopinduliwa. Hilo silalamikii, nalitaja tu. Malalamiko ni haya:

1. Ushujaa. Kila mmoja nilimwandikia karatasi ya shujaa wake. Zenon nilimpa mpiga mkuki asiyejua woga. Akaisoma, akasema mtu huyu ni mgomvi, akaomba awe Zenon, ila mwenye ng'ombe wawili wa plau. Bertilla alikubali kuwa mganga kwa sharti awe wa kutibu tu. Flavian nilimpa mwizi hodari wa kufungua kufuli. Alinikumbusha kwamba dirisha liko wazi na wanafunzi wake hupita pale kwenda kilabuni, hivyo akacheza mwizi aliyekwisha acha. Kwa Jumapili zote tano hakufungua kufuli hata moja. Alishauri watu wanunue zilizo imara zaidi.

2. Kuchelewa. Kasanga nilipanga wakae dakika kumi. Walikaa Jumapili mbili. Bertilla aliposikia neno bandari aliuliza kama migebuka imeingia. Nikasema imeingia, kwa upole wangu. Basi ikabidi inunuliwe, ikabidi ibanikwe, ikabidi kuni zitafutwe, na nilipoleta majambazi watatu wenye mapanga ili waogope waondoke, waliwapa kazi ya kugeuza samaki. Majambazi hao waliandamana nao, na ninavyoandika sasa wana mashamba Mwazye.

3. Dadu. Hapa nakiri kosa. Dadu ya sabuni ikishikwa na mikono yenye jasho hupoteza pembe. Kufikia Jumapili ya tatu ilikuwa kama yai. Ukiirusha inaviringika hadi chini ya kabati bila kuamua lolote. Flavian akatoa hoja kwamba mambo yaamuliwe kwa kunyoosha mikono. Watatu kwa mmoja, Ndugu. Tangu siku hiyo hata mvua haikunyesha katika mchezo wangu ila kwa kura. Dadu yenyewe Bertilla aliiomba, akafulia kola ya Zenon.

4. Neno lenyewe. Jumapili ya nne wakafika pangoni. Saa hiyo ndiyo niliyoingoja miezi yote. Nilikuwa nimeandika hotuba ya joka yenye vitisho kumi na kimoja, na nimeijaribu chumbani kwangu mpaka Bertilla akaniuliza kupitia ukutani kama nina homa. Nikapaza sauti: pango ni jeusi, mifupa imetapakaa, moshi unatoka. Nikawauliza mnafanya nini. Zenon alipaswa kusema anavamia. Alivua kofia yake, kofia ya kweli ya kichwani mwake, akasema, "Hodi."

Nami nikasema, "Karibu."

Ndugu Afisa, sikukusudia. Mama yangu alinifundisha kwamba asiyeitikia hodi ni mgonjwa au mchawi. Tena nina miaka sita kwenye dirisha la masjala, ya kwetu na ya hapa, kwa hiyo ulimi uliendelea wenyewe: "Karibuni, mketi. Mna shida gani?" Joka la miaka mia moja! Bertilla akaliamkia shikamoo, kwa kuwa ni mzee, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia marahaba. Vitisho kumi na kimoja vimebaki kwenye karatasi mpaka leo.

Nilijaribu kusema joka lilikuwa linatania. Zenon alikataa katakata. Mwenye nyumba akishasema karibu, alisema, hachomwi mkuki, naye hawezi kuwala wageni aliowakaribisha mwenyewe. Flavian akaliandika kama azimio.

5. Jumapili ya tano, yaani jana. Bertilla aliliuliza joka linakula na nani. Swali hilo halimo katika karatasi zangu. Nikajibu, kwa sauti ya joka, kwamba linakula peke yake. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu lilipohamia. Akauliza, je, likiugua? Hapo nikatamka kwamba mchezo umevuka kanuni. Hawakunisikia, walikuwa wameshaitisha kikao. Kabla chai haijapoa joka lilikuwa limepewa ekari moja na nusu ya ulezi, jirani na majambazi, na sabuni imegawiwa kwa kila kaya. Flavian akafunga kwa kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakapiga makofi. Bertilla akaikunja ramani yangu vizuri, akanirudishia, akasema mchezo ulikuwa mtamu.

Ulikuwa! Neno hilo limeniuma kuliko yote. Mimi nilipanga joka life mwezi wa sita, baada ya mavuno, kwa damu na kilio. Zilikuwa Jumapili nyingi sana mbele yetu. Wao wamemaliza kwa tano bila mtu kukwaruzwa hata kidole. Sasa joka limepata makazi na mimi nimebaki na kalenda. Mtu asiye na joka la kuuawa atawaita majirani zake mezani kwa kisingizio gani? Nasema ukweli, Ndugu: naiogopa Jumapili ijayo kuliko walivyoliogopa joka langu.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako:

(a) itamke rasmi kwamba karibu iliyotamkwa na joka ni batili, au angalau joka lipewe siku saba za kuifuta;

(b) ipige marufuku kubisha hodi ndani ya hatua mia moja kutoka pango lolote lenye mnyama mkali, na tangazo libandikwe Mtowisa;

(c) imwagize Flavian aanzishe kisomo cha uadui, mara mbili kwa wiki, ili watu wazima wa mji huu wajifunze kuvamia bila kuvua kofia, na mwisho wa mwaka wafanye mtihani;

(d) yakishindikana hayo yote, mgambo wawasindikize watatu hao hadi mezani Jumapili saa nane mchana, wakae kwenye viti vyao, wanichukie mimi na joka langu. Sijali watachukia kwa kiasi gani, mradi wakae.

Nisalimie mama wa nyumbani na watoto, na wote wa ofisini, hasa karani wako wa masjala atakayeigonga barua hii muhuri. Mwambie pole, najua. Ukipita Mwazye, wasalimie majambazi.

Ndimi mwenzako katika ujenzi wa taifa, nikiwa sina dadu,

N. Mbonile
Mwongozaji (aliyeshindwa)

Nyongeza baada ya sahihi, Jumamosi tarehe 16: Barua hii imekaa siku tano mfukoni kwa kukosa stempu. Asubuhi hii mtu alibisha hodi chumbani kwangu, nikasema karibu kabla sijafikiri. Naona ni ugonjwa. Alikuwa Zenon, amebeba kiti kipya, gundi bado inanuka. Alisema wanauliza joka litaanza lini kulima, maana mvua ziko njiani na ile ekari na nusu bado ni pori, na hakuna anayejua litashikaje jembe ila mimi. Tena Bertilla ameuliza kama linakula ugali wa ulezi, kwa kuwa kuanzia kesho linapikiwa kwao kila jioni na sahani yake imeshatengwa. Nikamwuliza Zenon anamaanisha joka la kwenye mchezo? Akasema yeye joka jingine halijui, akaweka kiti chini, akaenda zake. Nilitokwa na machozi kidogo. Gundi anayotumia ni kali.

Kwa hiyo naomba utamke kwamba karibu ya joka ni halali, na haina siku za kufutwa. Barua usiichane, karani hawezi kuomba jambo hilo, ifungulie faili. Maombi (a), (b) na (c) nayafuta. Ombi (d) libaki kama lilivyo, ila mgambo hawahitajiki.