Kuhusu Fundi Cherehani Aliyemo Ukurasa wa 412

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili,

Natumaini u mzima na wenzako hapo ofisini hawajambo. Mimi ni fundi cherehani wa miaka ishirini na mbili kazini, na mmenikera.

1. Ukurasa wa 412 mmekieleza kitenzi cha Kiingereza “promise” kuwa ni kuahidi, yaani kumpa mtu neno lako. Hapo sina ugomvi. Ugomvi ni mfano mliouweka chini yake: “Fundi cherehani aliahidi gauni Ijumaa, lakini hakulimaliza.” Waongo wote waliojaa duniani, mkaniona mimi tu? Seremala je? Na fundi bomba, anayekwambia yuko njiani huku bado amejifunika shuka?

2. Kamusi hiyo ndiyo inayotumika shuleni kwa binti yangu. Mwalimu aliusoma mfano huo kwa sauti, darasa zima likageuka kumtazama mwanangu. Siku hizi akiulizwa kazi ya baba yake anasema mimi ni dereva. Jambo hilo limeniuma, ndugu yangu, sikufichi.

3. Nimesoma pia asili ya neno. Mnasema limetoka Kilatini, na zamani lilimaanisha kupeleka mbele. Sasa kosa langu liko wapi? Mteja akija, nguo yake naipeleka mbele wiki moja. Akirudi, naipeleka tena. Mtaa mzima hakuna anayelitumia neno hilo kwa usahihi kunishinda, na kwa haki mngenishukuru kwenye dibaji.

4. Kwa hiyo naomba nakala zote zikusanywe, ukurasa huo uchanwe, na mfano mpya usomeke: “Fundi cherehani aliahidi, akatimiza, mteja ndiye aliyechelewa.” Mkikataa, mafundi wote wa mtaa huu hatutawashonea hata kifungo, mtakwenda kazini mmeshikilia suruali kwa mkono.

Wafikishie salamu wachapaji, karani wenu, na wote walioko nyumbani kwako.

Mimi, mtu wa neno lake,
Fundi wa Kona

Baada ya kutia sahihi: Nilimpa binti yangu barua hii aipeleke posta. Ameisoma yote, kisha akaniuliza habari za sketi yake ya shule niliyompimia muhula uliopita. Anaomba mfano wenu uachwe kama ulivyo, ila mbadilishe “gauni” muweke “sketi”.