Asilimia Mia na Nne ya Utayari wa Aljebra

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakufika, Chifu na manaibu wake, Mwalimu Mkuu Bi. Katoo, wachungaji wa madhehebu yote kwa kufuata urefu wa maombi yao, wadau, wadau wa wadau, wazazi wa Kitengela na nyinyi wanafunzi wa Gredi ya Tisa mnaoketi juani kwa hiari ya walimu wenu, nawasalimu kwa Kimaasai: sopa! ("Ipa!" umati unaitikia.)

Mimi ni Oscar Kinyanjui, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Kupima na Kuimarisha Utayari wa Aljebra, Ukanda wa Kitengela, Kimana na Namanga. Kwanza niwaombe radhi kwa kimya cha miezi kumi na moja. Nilipowaandikia mwaka jana kwamba mwalimu wenu wa hesabu, Bwana Nzuki, anahamishiwa Oltepesi na kwamba msiwe na hofu kwani ofisi ipo tayari kuwa na mpango, kisha nisiandike tena, wapo waliodhani nimewasahau. Lakini kile hakikuwa kimya cha kawaida, kilikuwa consultation. (Makofi, upande wa manaibu wa Chifu.)

Leo nimekuja na takwimu. Mwezi wa Februari watoto mia mbili na kumi na wanne walijaza karatasi zetu za tathmini, na baada ya uchambuzi wa kina uliofanyika katika hoteli tatu tofauti ili kuondoa upendeleo, imebainika kwamba asilimia sitini na mbili wako tayari kwa aljebra, na asilimia arobaini na mbili wanakaribia kuwa tayari, jumla asilimia mia na nne, ufanisi ambao hata Nairobi hawajaufikia.

(Yvonne, mwanafunzi wa Gredi ya Tisa, anasimama: "Haiwezi kupita mia, sir!" Kicheko.)

Asante, binti. Mnaona matokeo ya mpango? Mwaka jana hakuna mtoto ambaye angethubutu kunisahihisha.

(Nduta, mama yake Yvonne, anayeuza nyanya kwenye soko la Kitengela: "Karatasi yenyewe iliuliza jina na saizi ya tisheti! Hesabu ilikuwa wapi?" Kicheko kirefu.)

Mama, saizi ya tisheti ni kiasi kisichojulikana, na kiasi kisichojulikana ndicho aljebra yenyewe. Tisheti hii niliyoivaa juu ya tai ni sampuli. Lakini kwa kuwa umetaja hesabu, nitatoa mfano wa kitaalamu. Ukiwa na mafungu matatu ya nyanya za Kimana yanayolingana, na nyanya tano pembeni, na zote pamoja ni ishirini, kila fungu lina nyanya ngapi? Swali hili ni zito, nami nimelikabidhi kwa kamati ndogo ambayo…

("Tano!" anasema Nduta. "Na mteja atalia ni kidogo." "Tano," anasema Yvonne.)

Hiyo tano tutaipokea kama tano ya muda, ikisubiri kuthibitishwa.

("Mheshimiwa, sisi tuko na swali moja tu," anasema Nduta. "Huyu msichana anataka mkondo wa sayansi. Mtihani ni wiki sita zimebaki, na tangu Januari hakuna mtu amewafundisha aljebra. Mwalimu anakuja lini?" Makofi ya uwanja mzima. Mwalimu Mkuu naye anapiga.)

Swali zuri sana, na uzuri wake nimeuandika katika daftari. Tunayo roadmap, tunayo framework, na ndani ya framework tunayo nafasi ya mwalimu, iliyochorwa kwa rangi ya kijani. Kwa hiyo tupaze sauti pamoja. Aljebra! ("Mwalimu!") Hapana, mnasema "Tayari!" Aljebra! ("Mwalimu!") Utayari! ("Mwalimu!") Vizuri, moyo ninauona.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bi. Katoo kwa chai. Nawashukuru wanafunzi kwa saizi zao. Zaidi ya yote nawashukuru wazazi kwa kuuamini, kwa miezi kumi na moja mfululizo, mpango ambao bado haujaanzishwa. Isomeni tena barua yangu, nanyi mtaona kwamba sarufi yake haina kosa: sikuandika kwamba mpango tayari upo, niliandika kwamba ofisi ipo tayari kuwa na mpango, na huo ndio utayari wenyewe. Kamati itaketi mwezi wa Januari mwakani kuamua kama mpango uwepo au usiwepo, na siku hiyo hiyo uamuzi utakapotolewa, nitawaandikia. Yvonne, kwa vile wakati huo utakuwa umekwisha kuondoka hapa, mwachie Mwalimu Mkuu anwani yako mpya.