Bi Mishale Dhidi ya Fahali

Jumatatu, 3 Juni

Nimepigwa tena. Na nani? Na Clarisse Ahou, muuza atieke, ule wali wa mihogo, na samaki! Hata aproni hakuvua. Vidole vinanukia samaki wa kukaanga, na kwa vidole hivyohivyo alimnyanyua Bi Mishale, mpiganaji wangu wa kwenye runinga, akambwaga chini, ukumbi mzima wa gemu wa Mzee Zokou ukalipuka kwa miluzi.

Bi Mishale si mwoga! Ni bibi mwembamba mwenye upinde. Kazi yake ni kukaa mbali na kurusha mishale, adui asimkaribie. Fahali wa Clarisse ni lijitu la mieleka, likikushika umekwisha. Kwa hiyo mimi sikimbii. Nalinda eneo. Lakini mtaa mzima wa Yopougon unaniita Kaa-Huko. Leo mteja kaja kuchukua suruali yake hapa kwangu udobini, akauliza kama hata pasi naishika kwa mbali.

Jumamosi Mzee Zokou anachagua wawili wa kwenda kushindana na watu wa mtaa wa Koumassi. Mwaka jana nilikwenda kama mbeba maji. Mwaka juzi pia. Mwaka huu, thubutu!

Jumanne, 4 Juni

Mpango: kasi. Mshale, mshale, mshale, bila kupumua. Nimezoeza kidole gumba mchana kutwa juu ya kifungo cha shati la mteja. Kifungo kimeng'oka. Dalili njema.

Jioni nikamkabili Clarisse. Akairuka mishale yote kama mtoto anayeruka kamba. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mishale yangu inakwenda kama saa ya ukutani; yeye hata runinga haangalii, anaruka tu.

"Kaka N'Dri, tulia kidogo. Usirushe. Mwache mtu aruke kwanza, ndipo umpige teke akiwa hewani."

Nikamshukuru. Mjanja sana huyu! Nani anampa adui siri ya ushindi? Ni mtego. Kesho narusha haraka zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nilirusha haraka zaidi. Sitaki kulizungumzia.

Mpango mpya: kumshibisha. Mtu akishiba, vidole vinazembea. Nimempelekea futu, ndizi zilizopondwa zikawa kama ugali, na mchuzi wa mawese, bakuli la kutosha ukoo mzima. Akaliangalia muda mrefu. Akasema anawalisha watu tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyewahi kumletea yeye chakula. Macho yakamlengalenga. Safi, nikajisemea, anaanza kulegea.

Akasisitiza tule pamoja. Nikala kwa adabu. Nikaongeza kwa adabu. Tulipokaa kwenye gemu aliyesinzia ni mimi. Bi Mishale alikufa akiwa amesimama wima, hajarusha hata mshale mmoja. Clarisse akanifunika mabega kwa kanga yake. Dharau!

Jumamosi, 8 Juni

Nafasi ya kwanza kachukua Séry, dereva wa teksi. Ya pili: mimi au Clarisse. Atakayetangulia kushinda raundi mbili.

Raundi ya kwanza, Fahali kanibeba kama gunia. Watu wakapiga kelele: "Msogelee, Kaa-Huko, haumi!" Kabla ya raundi ya pili nikatafuna kipande cha aloko, ndizi ya kukaanga, ili kujipa moyo. Mama yangu! Pilipili! Ulimi unawaka, machozi yanatoka, mkono mmoja mdomoni. Sikuweza kurusha kitu. Fahali akaruka akitegemea mshale, mshale haukuja, nami nikabonyeza teke kwa bahati tu. Akaanguka. Akaruka tena. Teke! Nikashinda raundi!

Clarisse akarukaruka kwa furaha utadhani kashinda yeye. "Hapo! Hapo hapo, kaka! Umesubiri!"

Raundi ya tatu pilipili ilikuwa imepoa. Mshale, mshale, mshale. Gunia. Mzee Zokou akanishika bega: "Kijana wangu, maji utabeba wewe. Hakuna anayeyabeba vizuri kama wewe."

Clarisse akanifuata nje. Akasema ile raundi ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kucheza, na kesho baada ya kanisa niende kwao tufanye mazoezi, mama yake atapika. Nimekubali. Keshajua kwamba siri ni pilipili, anaogopa!

Jumapili, 9 Juni

Nimekula pilipili saba kabla ya kubisha hodi. Mama yake akauliza kama nimeng'atwa na nyuki. Midomo ilikuwa imevimba. Nimeshindwa mechi zote. Nusu yazo sikuziona.

Clarisse alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaleta maziwa baridi na kitambaa, akanikanda midomo polepole, hana haraka yoyote, mkono wake mwingine umeshika wangu. Haukuachia hata tulipokwenda mezani. Nikala kwa mkono wa kushoto. Mama yake akaniuliza nitarudi lini, akaniuliza na jina la baba yangu, na kijiji chetu, na kama wazee wetu wanapenda wageni. Mama mdadisi kweli.

Nimetafakari njia nzima ya kurudi nyumbani na sasa nimeelewa kila kitu. Zile pilipili zilikuwa zimeiva mno. Nitatafuta za kijani.

Na huku kunishika mkono! Alikuwa ananichosha vidole, waziwazi, mbele ya mama yake mzazi. Jumapili ijayo nakwenda na glovu.