Rafu ya D

Jumatatu, 3 Machi 2025

Jana nimerudi kutoka semina ya Babati nikiwa mtu mpya. Siku tatu za uboreshaji wa huduma! Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nimezikariri S zote tano ndani ya basi. Jumatatu ijayo mganga mfawidhi anateua mratibu wa uboreshaji wa hospitali nzima. Nani anafaa kama si mimi, mtaalamu wa usingizi na ganzi?

Nimeanza leo hii hii. Nimepima kwa simu muda kati ya mgonjwa mmoja kutoka chumba cha upasuaji na mwingine kuingia. Dakika hamsini na mbili. Aibu! Tisa kati ya hizo, Sista Genoveva, msimamizi wa chumba, alikuwa akitafuta miwani. Ilikuwa kichwani kwake. Nimeandika. Lengo: dakika ishirini.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika matokeo ukutani. Nikampa Sista shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Akauliza kama nimehesabu pia dakika kumi na moja nilizokuwa nje na simu. Sikuhesabu. Nilikuwa namweleza mke wangu jinsi ya kuokoa muda.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimesasambua, yaani nimeondoa visivyohitajika! Kichwani mwa kitanda cha upasuaji kulikuwa na trei nyekundu ya dawa za dharura. Msongamano mtupu. Nimeiondoa. Dawa zote zimeingia kabatini kwa mpangilio wa alfabeti, na lebo kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Dawa ya Usingizi. Dawa ya Ganzi. Dawa ya Kupandisha Presha. Dawa ya Kuzuia Kutapika. Kufika saa kumi, rafu ya D imejaa mpaka mlango haufungi. Nyingine zote tupu. Nafasi tele!

Sista Genoveva, majivu bado kwenye paji la uso, akasema dawa ya dharura inakaa pale mkono unapofika. Nikamjibu kwa heshima kwamba semina ilitutahadharisha kuhusu watu wanaopinga mabadiliko. Akaguna, akaingiza kitu mfukoni, akaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Dakika thelathini na nane! Ni kweli mgonjwa mmoja aliahirishwa. Lakini namba ni namba.

Ijumaa, 7 Machi



Saa tano asubuhi wamemleta Marieta kutoka Nangwa. Uzazi wa kwanza, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Dokta Irene akasema tunapasua sasa hivi. Nikamchoma ganzi ya mgongo, ikashika vizuri. Kisha Marieta akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, naona giza."

Presha sitini. Nikanyoosha mkono kwenye trei. Hakuna trei! Nikakimbilia kabatini. Rafu ya D. Maboksi, maboksi, yote yanaanza na Dawa ya. Yakaanguka. Nikapiga magoti, nasoma lebo sakafuni kama mtoto wa darasa la kwanza. Dokta Irene akaita jina langu mara mbili.

"Evarist, mwanangu, simama." Sista Genoveva. Ametoa mfukoni bomba la sindano lenye efedrini, dawa ya kupandisha presha, limeshajazwa, limeandikwa jina la dawa na saa. Alikuwa anaandaa moja kila siku tangu juzi. Nikachoma. Themanini. Mia moja. Marieta akafumbua macho, akauliza kama mtoto ametoka. Dakika mbili baadaye akatoka, wa kike, akilia kwa hasira.

Nilikaa nje kwenye upepo wa mlima. Sista akaniletea chai. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 10 Machi

Mratibu ni Sista Genoveva. Trei imerudi mahali pake. Mganga mfawidhi ameniambia nisiguse tena kabati lolote, na kama uboreshaji umenikaa sana, nikajaribu masjala, ambako hakuna wa kuzimia.

Idara nzima peke yangu! Amenipandisha cheo bila kujua. Tatizo la Ijumaa nimelichambua: mabadiliko yalikuwa madogo mno. Faili za wagonjwa zinakaa kwa namba, baridi kabisa. Nitazipanga kwa vijiji, mtu ajisikie nyumbani. Festo wa masjala akauliza, je, waliohama? Nimemwandika kwenye orodha ya wapinzani.

Sasa faili elfu nne ziko sakafuni. Nimemaliza kijiji cha Masakta, karibu chote. Kesho saa mbili kliniki ya kisukari inafungua.