Madebe Mawili ya Majivu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nafasi ya mkuu wa idara ya fasihi iko wazi! Bwana Dubrow, mkuu wa shule, ataitoa Ijumaa. Yangu hiyo. Nimezeeka nikiwafundisha watoto wa mtaa huu wa Queens riwaya ile ya matajiri na sherehe zao, na kwamba lile jaa la majivu katikati yake ni ishara ya roho zilizooza. Mshindani ni mmoja: Priscilla Odell, mwalimu wa juzijuzi. Leo kamwambia Dubrow mbele yangu kwamba huenda majivu ni majivu tu, watoto wajiulize nani alikuwa akiyazoa. Kufuru! Dubrow kasema hilo ni wazo zuri. Nimeshindwa kula.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango! Alhamisi nawapeleka watoto mahali penyewe, hapa hapa Queens, kwenye jaa la kweli la majivu ambalo mwandishi aliliona enzi zile. Dubrow kakubali, atakuja na Priscilla. Jioni nikaenda kupakagua. Balaa! Jaa lilifukiwa zamani, sasa ni bustani. Nyasi mbichi. Bata. Wazee wanacheza mpira wakitukanana kwa furaha. Mama mmoja kaniuzia mahindi ya kuchoma yaliyopakwa jibini. Matamu, nikayala kwa uchungu. Utafundishaje uozo wa roho mbele ya bata?

Jumatano, 8 Oktoba
Dawa nimeipata. Rocco, mwenye duka la piza, ana tanuri la kuni. Nikamwomba majivu yake yote, niyarudishe bustanini. Akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamjibu ni ya fasihi. Kanijazia madebe mawili, akasema pole, mwalimu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilitangulia basi la shule. Suti nyeusi, ili Dubrow aone mkuu wa idara. Nikaanza kumwaga taratibu kando ya ziwa. Upepo ukanigeukia! Macho yakawaka, machozi yakanitoka kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Nageuka, watu! Wacheza mpira kimya, kofia mkononi. Muuza mahindi anapiga ishara ya msalaba. Lo! Huku kwetu wengi wakifa huchomwa, na ndugu huyamwaga majivu yao mahali walipopapenda. Wamedhani namwaga maiti!

Mzee mmoja akanishika bega, akauliza marehemu alikuwa nani wangu. Ningesema piza? Mdomo ukasema mama. Akayatazama madebe, akasema bila shaka alikuwa mwanamke wa miraba minne.

Basi likafika. Dubrow akanikumbatia huku analia. Priscilla akanipa leso yake. Watoto wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza ishara ya chochote. Dubrow akaninong'oneza kwamba mwalimu anayekuja kazini siku kama hii hapatikani tena, nafasi ni yangu. Nikalia zaidi. Machozi ya furaha, hayo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mkuu wa idara! Mpaka saa tano. Walimu walikuwa wameniletea bakuli za makaroni ya msiba, meza yangu haionekani. Kumbe shule imetuma pia shada la maua, kwa anwani ya familia niliyoandika nilipoajiriwa. Ni kwa mama. Kalipokea mwenyewe, kasoma kadi ya pole kwa kifo chake, kapanda teksi.

Aliingia ofisini kwa Dubrow na shada mkononi, akauliza ni nani aliyemzika bila kumwalika. Priscilla alicheka mpaka akakaa chini. Dubrow akataka maelezo. Nikaanza na ishara ya majivu, akasema, "Leonard, funga mdomo." Nafasi kapewa Priscilla. Mimi nimepewa kusimamia watoto wakila, mwaka mzima. Imeniuma, tena sana. Mlangoni mama kanigeukia: "Hata kufiwa hujui, we mtoto!" Makaroni kabeba yote.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimejikosoa bila huruma. Mtu mzima lazima ajifunze kwa makosa yake. Kosa langu nimeliona wazi: mama ni ndugu wa karibu mno, tena anakaa umbali wa teksi. Shangazi Dorothea yuko Ohio, na hamfungulii mlango hata mleta barua. Nafasi ya naibu mkuu wa idara itatangazwa mwezi ujao. Kesho, watoto wakila, nitawadokeza walimu kwamba shangazi yangu ameanza kukohoa.