Kisanduku Kisiachwe Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huacha kumbukumbu, na mimi kuanzia leo niko njiani kuwa mtu mkubwa. Kwa sasa bado ni mtunza stoo wa vipuri kwenye gereji ya mabasi. Rafu kumi na nane, kadi elfu mbili na ushee, na hakuna kadi hata moja yenye kisanduku kitupu. Miaka kumi na tisa! Mkaguzi akikuta kisanduku kitupu ananuna. Akikuta kimejazwa, anapita. Hajawahi kuuliza nilichojaza nimekitoa wapi.

Sasa mpango. Binti yangu ana miaka kumi na mitano na hasemi nami. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, basi. Mwaka mmoja na miezi miwili, tangu mama yake atutoke. Akitoka shule anaingia kwenye mchezo wa kompyuta uitwao Bonde la Chini. Una shamba, una mifugo, unalima, unavuna. Waliuanza pamoja, yeye na mama yake, mama akiwa amelala kwenye kochi hana nguvu ya kuinua kitu kizito kuliko kikombe. Humo wana punda. Mama yake alimpa jina Mheshimiwa, kwa sababu hasogei mpaka abembelezwe.

Jana nimemsikia binti akimwambia mama yake mdogo kwenye simu kwamba watu pekee anaowaamini siku hizi ni wale wanaoandika wiki ya mchezo huo. Wiki yenyewe ni tovuti ambayo wachezaji wanajiandikia kila kitu kuhusu mchezo, ukurasa mmoja wa jembe, mwingine wa mbuzi, na kadhalika. Kuna mwandishi mmoja anajiita Kunguru. Kunguru kasema hivi, Kunguru kasema vile. Nimeumia sana. Mwanangu wa kumzaa anamheshimu ndege.

Basi nitaandika kwenye wiki hiyo. Kwa siri. Nitampita Kunguru, halafu Jumapili shemeji akija kutusalimia nitajitangaza mbele yao wote wawili. Binti ataniangalia kwa macho mengine. Jina nimeshachagua: Jemedari wa Bonde.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua akaunti saa ya chakula, kwa kompyuta ya stoo. Kunguru kanikaribisha ndani ya dakika tatu! Hana kazi huyu? Kasema nicheze kwanza. Kasema niandike nilichokiona kwa macho yangu, na nisichokijua nikiache wazi, atakuja anayejua. Ushauri wa mvivu. Angefanya kazi stoo yangu asingemaliza siku.

Hata hivyo nimejaribu kucheza. Mtu wangu alikufa kwa njaa siku ya pili, kasimama mlangoni mwa ghala lililojaa mahindi. Sikuona pa kubonyeza mlango ufunguke. Wa pili alitumbukia mtaroni. Nikaachana nayo. Nimetunza vipuri vya mabasi miaka kumi na tisa na sijui kuendesha hata baiskeli.

Mchango wangu wa kwanza, ukurasa wa jembe: "Jembe, la mkono, idadi 1, hali: nzuri." Kunguru kaufuta baada ya dakika tisa. Akanishukuru kwa kujitolea. Hiyo shukrani ndiyo iliyoniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kuna orodha ya waandishi kwa wingi wa michango. Kunguru ana elfu sita na mia nne. Mimi mmoja, nao umefutwa. Lakini akili ni nywele, na mimi nywele bado ninazo, pembeni. Mbinu: ongeza nukta, hifadhi. Ondoa nukta, hifadhi. Kila mara unahesabiwa mchango! Mpaka saa tano asubuhi nilikuwa na mia moja na arobaini.

Fundi wa breki alikuja dirishani kuchukua pedi akasimama robo saa. Aliuliza kama kompyuta inaumwa, maana nabonyeza kitufe kimoja tu tangu afike. Nikamwambia ni kazi ya kitaalamu. Nikampa pedi za klachi. Alirudi nazo na maneno ambayo siyaandiki humu.

Mchana Kunguru kaandika hadharani kwamba Jemedari anapigana na nukta, na wasomaji wanaomba kujua nani anaongoza. Michango yangu yote imefutwa. Watu kumi na mmoja wameweka nyuso za kucheka. Nimezihesabu mara mbili.

Nikafungua jina la pili, Raia Mwema, la kunisifu. "Jemedari, kazi yako imeonekana, hali: nzuri." Kunguru akauliza kama Jemedari na Raia Mwema wamenyonya ziwa moja. Huyu mtu ana roho mbaya.

Nyumba kimya jioni hii. Shikamoo. Marahaba. Mlango wa chumba chake ukafungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata njia! Wiki yao imejaa mapengo. Kila ukurasa una jedwali pembeni, na ndani ya jedwali kuna visanduku vimeandikwa "haijulikani". Uzito wa mbuzi wa mlimani: haijulikani. Umri wa msaga nafaka: haijulikani. Nimehesabu arobaini na vitatu. Aibu tupu! Na hawa ndio binti yangu anawaona wa maana.

Nimevijaza vyote. Mbuzi, kilo thelathini na mbili. Msaga nafaka, miaka hamsini na nne, uso wake unaonyesha. Mkono wangu ulikuwa unatembea wenyewe.

Wa mwisho ulikuwa ukurasa wa punda. Punda kwenye mchezo ule akizeeka huchechemea, kisha hufa. Tiba: haijulikani. Chini yake mtu kauliza siku kumi na moja zilizopita. Punda wake kaanza kuchechemea, tafadhali sana, kuna anayejua la kufanya? Kunguru kamjibu kwamba ametafuta miaka miwili, hajui, na anasikitika. Hayo ni majibu? Mtu anakuomba kwa adabu zote, unampa sijui?

Nimejaza. "Tiba: apelekwe kisima cha mawe kilicho nje ya uzio, aachwe siku tatu bila kufungwa. Hali baada ya hapo: nzuri." Kisima nimekiona kwenye picha. Kinaonekana kisafi.

Mimi sijawahi kumwachia mtu pengo. Hata mke wangu alipolazwa, binti aliniuliza mama anarudi lini. Daktari alikuwa amesema hajui. Nikamwambia Ijumaa. Akafua shuka za mama yake, akazipiga pasi, akatandika kitanda. Ijumaa hiyo ndiyo tuliyomzika. Na ndipo ilipoanza shikamoo asubuhi, shikamoo jioni. Mpaka leo sijajua nilimkosea nini. Nilimpa siku tatu za furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kuu! Binti karudi kutoka shule akiimba kwa chini chini. Kala sahani mbili. Halafu akaniangalia, mimi, baba yake, akasema, "Baba, dunia hii bado ina watu wema." Kuna mtu kwenye wiki kamsaidia jambo lililomnyima raha siku nyingi. Anaitwa Jemedari.

Maji yalinipalia. Nikauliza, kama mtu asiyejali, huyo Jemedari ni mtu wa namna gani. Akasema hamjui, ila anaandika kama mtu mwenye uhakika. Nikamwambia lazima ni mtu mzima mwenye busara zake. Akasema labda. Akatabasamu! Nilikuwa nimesahau kwamba ana kile kijishimo cha shavuni cha mama yake.

Sikumwuliza jambo lenyewe ni lipi. Nadhani ni uzito wa mbuzi. Nilitamani kumwambia pale pale, nikajizuia. Mpango ni mpango, Jumapili ni Jumapili. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi nimesikia ukelele. Nilidhani kajikata. Katoka chumbani, kaja moja kwa moja, kaweka kichwa begani kwangu. Mwaka mmoja na miezi miwili nimesubiri kichwa kile.

Alikuwa ni Mheshimiwa. Ni yeye aliyekuwa akichechemea, na ni binti aliyeuliza swali lile kwenye ukurasa wa punda. Jana jioni alimpeleka kisimani nje ya uzio kama ilivyoandikwa, na Mheshimiwa kwa mara ya kwanza alikubali kwenda bila kubembelezwa. Siku za mchezo ni fupi. Leo asubuhi ilikuwa ya tatu. Huko nje ya uzio kuna fisi. Kila anayecheza anajua kuna fisi, kasema, lakini iliandikwa kwa uhakika mno, akajua huyu mtu kashaona. Na mchezo ule unajihifadhi wenyewe, hakuna kurudi nyuma.

"Mama ndiye alimpa jina," alisema. "Nilikuwa nikimbonyeza nasikia mama anavyomwita."

Nilijua hapa ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Mjinga gani huyo Jemedari! Nikimtia mkononi!"

Akasema asante, baba. Akalia tena, nami nikamshika mpaka mkono ukafa ganzi. Naandika ukweli, kwa kuwa shajara haisomwi na mtu: nilikuwa na huzuni ya kunitosha mwaka mzima, na nilikuwa na furaha.

Mchana nimeingia kwenye wiki. Kunguru kafuta visanduku vyangu vyote arobaini na vitatu na kamfungia Jemedari nje. Nikaingia kama Raia Mwema, nikamtukana Jemedari aya nzima. Nilipata nafuu kidogo. Halafu nikafungulia bomba bafuni nikalia.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja. Nimevaa lile shati, ningefanya nini, lilishapigwa pasi.

Walikuwa jikoni wanachemsha chai. Binti alikuwa anamsimulia mama yake mdogo habari ya punda. Maneno ya Jemedari alikuwa ameyanakili kwenye daftari ili asikosee, maskini, akawa anayasoma kwa sauti. Alipofika mwisho akauliza ni binadamu gani duniani anaandika kuhusu punda, "hali baada ya hapo: nzuri".

Halafu akainua macho.

Nilikuwa mlangoni. Nikaona anaangalia rafu ya makopo. Makopo yetu yote nimeyabandika vibandiko kwa mkono wangu, tangu tulipooana. Sukari, kopo 1, hali: nzuri. Majani ya chai, kopo 1, hali: nzuri. Kwenye la chumvi mke wangu alikata neno nzuri kwa kalamu yake, akaandika "inaringa". Nilinuna siku mbili wakati ule. Sijawahi kulibandua.

Chai ikafurika. Shemeji akazima jiko, akauliza kuna nini, mbona mmekuwa hivyo.

Binti akageuka. Nikawahi. Nikamweleza kwamba watunza stoo wote huandika vile, ni utaratibu unaojulikana, wapo maelfu, na miongoni mwao wapo wabaya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ungesema hujui, baba," akasema. "Kunguru alisema hajui, nikamwelewa. Na kuhusu mama, ungesema tu hujui. Ningekaa naye siku zile hospitalini. Mimi nilikuwa nyumbani nafua shuka."

Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilitaka sana kumpa kitu, chochote, nikamwambia asijali, Mheshimiwa anaweza kurudishwa, kuna namna, nimeisoma mahali. Akatoka jikoni.

Jumatatu, 10 Machi

Kahamia kwa mama yake mdogo. Shemeji kasema ni karibu na shule, na kaniangalia kama mtu anayeaga mgonjwa. Begi la nguo, vitabu, kompyuta. Na kopo la chumvi. Alilichukua rafuni mbele yangu, hakuomba.

Mlangoni akanipa shikamoo. Nikamwuliza atarudi lini.

"Sijui, baba," akasema, akinitazama machoni.

Jumatano, 12 Machi

Nimekula mboga isiyo na chumvi, siku ya tatu. Ningeweza kununua, lakini nitaiweka wapi?

Nyumba ni kubwa kumbe. Saa ya ukutani sikujua kama inapiga kelele kiasi kile. Jana nilikwenda chumbani kwake mara nne kuhakikisha dirisha limefungwa.

Wiki nimeachana nayo kabisa. Nimepita kidogo tu leo mchana, kwa jina jipya, Mtaalamu wa Punda, kuangalia wanaendeleaje. Kisanduku cha tiba wamekirudisha kilivyokuwa: haijulikani. Kimenikera. Bado sijagusa kitu, nafikiria.

Fundi wa breki alikuja dirishani na safari hii nilimpa pedi zenyewe. Kasema kasikia mtoto kahama, pole sana, sasa anarudi lini? Kanisubiri na kalamu yake sikioni. Nikamwambia Ijumaa. Akafurahi kweli, akanipiga bega, akasema basi si mbali.

Kwa kweli si mbali. Nilipofika nyumbani nimefua shuka zake na kuzianika, zitakuwa zimekauka kesho. Kisha nikaona kalenda ya jikoni, Machi nzima visanduku vitupu kama nyumba haina mtu. Nimechukua kalamu nikajaza cha tarehe kumi na nne: Ijumaa, binti kurudi, idadi 1, hali: nzuri.